Mikono ya Trekta la Shemeji

Karakana ya Cheche ilitazamana na kibanda changu cha kuziba pancha, tukitenganishwa na barabara ya vumbi tu. Watu walimwita Cheche kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea vyuma. Shati lake lilikuwa na vitundu vya moto kifuani kama lililoliwa na mende. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimia asubuhi anainua kinyago chake, anakuitikia, anakishusha tena. Mtu aliyeweza kumfanya acheke hadi aweke kifaa chini alikuwa mmoja tu, shemeji yake, mume wa dada yake.

Wazazi wao walifariki Cheche akiwa na miaka sita. Dada yake, aliyemzidi miaka kumi, akamlea kwa cherehani moja, akishona sare za shule. Alipokuja mchumba, dada hakuzunguka. Alimwambia, "Mimi siji peke yangu. Nakuja na huyu." Yule bwana akamtazama kijana mwembamba aliyesimama mlangoni, akasema, "Basi nimepata wawili kwa harusi moja." Tangu siku hiyo akawa anamtambulisha hivi mbele za watu: "Huyu ni nyongeza yangu. Nilipewa bila kuomba, na sijawahi kujuta." Ndiye aliyempeleka kujifunza ufundi, na ndiye aliyemnunulia kinyago chake cha kwanza.

Shemeji alikuwa na trekta. Mbele yake lilikuwa na mikono miwili ya chuma yenye ndoo kubwa, ya kuzolea na kunyanyulia, na kazi yake ilikuwa kupakia mawe kwenye malori huko machimboni. Kwa mawe ya kawaida trekta lilitosha. Kisha ukaja ujenzi wa daraja, na wajenzi wakataka mawe makubwa ya msingi, yaliyochongwa pande nne, ambayo jiwe moja lingejaza meza ya kulia. Shemeji akaichukua kazi hiyo. Wiki ya pili mikono ya trekta ikaanza kupinda.

Alikuja nalo karakanani siku ya Jumapili, akazima injini, akashuka akijishika kiuno.

"Nyongeza, mgonjwa wako huyu hapa."

Cheche alizunguka mara mbili kabla ya kusema. "Shemeji, chuma hiki kimechoka."

"Kama mwenyewe. Kitie nguvu."

"Naweza kukitia nguvu. Ila nikitia nguvu mikono peke yake, uzito haupotei, unahamia kwingine. Utaiangukia ekseli ya mbele, na huku nyuma trekta litakuwa jepesi. Ni kama mtu aliyekumbatia gunia kifuani. Asipojiegemeza nyuma, anakwenda kifudifudi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitakutengenezea sanduku la chuma la kuning'iniza nyuma, tulijaze zege. Na huyu jirani atakujazia maji kwenye matairi makubwa ya nyuma, nayo yaongeze uzito."

Shemeji akanigeukia. "Unasikia? Nimekuja na mikono miwili, natibiwa mwili mzima!" Tukacheka wote.

Siku nne zilizofuata nilimwona Cheche akifanya kazi ambayo mpaka leo sijaona mfano wake. Aliifungua mikono akailaza juu ya vigogo, akaikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Akaipaka mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, kisha akaipaka chaki. Tukasubiri. Baada ya muda ikatokea mistari myembamba iliyolowa kwenye ile chaki, kama nywele. "Hizo ni nyufa," akaniambia. "Mafuta yamejificha humo, sasa yanatoka." Mwisho wa kila ufa alitoboa kitundu ili usiendelee kukimbia, akauchimbua, akaujaza kwa moto. Kisha akabandika vibati vinene ubavuni mwa kila mkono, ncha zake amezichonga kama ulimi. Hakuchomelea kwa pupa. Alichoma kipande kifupi kushoto, akahamia kulia, akasubiri kipoe, ili chuma kisijikunje. Katikati akaunganisha mikono yote miwili kwa bomba nene. Mwishowe akachonga pini nne mpya za kuishikiza kwenye trekta, akazitia kwenye kopo la grisi.

Lile sanduku la nyuma nalo alilimaliza, akalijaza zege Jumatano jioni.

Alhamisi saa sita mchana Shemeji akafika. Trekta lilikuwa limesimama pale tangu Jumapili, na wajenzi walishampigia simu mara tatu asubuhi ile.

"Nipe mikono yangu."

"Mikono iko tayari. Sanduku bado. Zege la jana, shemeji, ukilitikisa leo linapasuka. Nipe wiki moja."

"Wiki moja daraja litakuwa limejengwa na mtu mwingine. Nifungie mikono, sanduku litanifuata."

"Na maji ya matairi?" nikauliza mimi.

"Jumatatu, jirani. Jumatatu nakuja asubuhi na mapema, utanijazia mpaka trekta lipige mbizi."

Cheche alikuwa amesimama ameshika lile kopo la pini. Bila pini zile mikono isingefungika. Nakumbuka alilihamisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akalirudisha tena kulia. Shemeji akaliona hilo, akamwekea mkono begani.

"Wewe nyongeza, unaniogopea kama mimi ndiye niliyeolewa. Nitabeba mawe madogo tu mpaka sanduku likauke. Haya, lete."

Akampa.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nabandika kiraka kwenye tairi la baiskeli, nikamwona mpasua mawe mmoja wa kule machimboni anakuja mbio, miguu mitupu, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Alipita kwangu bila kuniona akaingia karakanani. Sikusikia alichosema. Cheche alitoka na kinyago bado kimening'inia shingoni, tukapanda wote pikipiki yangu ya magurudumu matatu.

Mpasua mawe alitusimulia njiani, maneno yakimkatika. Mawe madogo yalikuwa yameisha. Lori lilikuwa linasubiri. Shemeji akalifunga jiwe kubwa kwa mnyororo, akalinyanyua, likapanda kama mzaha, wala mikono haikutetemeka. Akafurahi, akapiga honi. Kisha akaanza kuteremka nalo kwenye kile kimteremko cha kuelekea kwenye lori, jiwe likiwa bado juu. Matairi ya nyuma yakaachia ardhi. Akakanyaga breki, na breki za trekta ziko kwenye matairi hayo hayo ya nyuma. Akakata kona. Trekta likalala ubavu.

Tulipofika, walikuwa wameshamtoa chini yake. Walimlaza kwenye kivuli cha lori, wakamfunika koti la dereva. Cheche alipiga magoti, akalifunua koti usoni, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akainuka, akaenda kwenye trekta lililolala, akachutama kwenye ile mikono. Akaanza kupitisha kidole juu ya mishono yake ya moto, mmoja baada ya mwingine, kila kibati, mpaka kwenye bomba, mpaka kwenye pini. Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kwa sauti, "Mtu amekufa, yeye anakagua chuma!"

Maneno hayo yalimfikia dada yake kabla sisi hatujafika nyumbani.

Siku ya mazishi, watu walipoanza kutawanyika, dada alimwita pembeni. Nilikuwa hatua mbili tatu kutoka hapo, nikisaidia kukusanya viti.

"Nasikia uliikagua kazi yako."

"Ndiyo, dada."

"Ilishika?"

"Ilishika."

"Haya. Nenda kwako."

Baada ya hapo hakumsemesha miaka miwili.

Cheche alirudi karakanani baada ya wiki. Lile sanduku la zege lilikuwa limekauka vizuri kabisa. Alilisukumia nyuma ya ukuta kwa nondo, peke yake, hakutaka nimsaidie. Siku moja mvua ilipotukusanya sote kwenye kibanda changu, alinieleza jambo ambalo sikuwa nimemuuliza.

"Pale machimboni nilikuwa natafuta ufa. Nilikuwa namwomba Mungu niukute."

"Kwa nini?"

"Ningejua nimekosea kazi, basi. Mtu anakosea. Lakini ile mikono ya zamani ilikuwa ikizidiwa inapinda. Ilikuwa inamwambia, bwana, hapa basi. Mimi ndiye niliyeinyamazisha." Mvua ilipokatika akavuka barabara.

Tangu hapo akawa fundi mgumu. Ukimletea tela la kutia nguvu anakuuliza utabeba nini, njia ina milima, breki zikoje, nani anaendesha. Akiona mashaka anakwambia, "Sifanyi," na habembelezeki. Wateja wakapungua. Watu wakafanya utani kwamba ukimpelekea kitanda atataka kwanza ajue mkeo ana kilo ngapi. Utani ulimfikia, lakini hakucheka wala hakukasirika.

Mwaka wa pili ulipokuwa unaisha, alikuja kwangu mfanyabiashara wa magogo kuniomba nikamwangalizie matairi ya trekta analotaka kununua. Nilipolifikia nikalijua. Lilikuwa uani kwa dada, limefunikwa turubai. Yule bwana akaipigapiga ile mikono kwa kiganja, uso umemchangamka. "Umeona hii? Imetiwa nguvu. Hii itanyanyua gogo lolote msituni."

Nilirudi nikamwambia Cheche. Alipakia mitungi yake ya gesi ya kukatia kwenye pikipiki yangu, akakaa juu yake. Mchana huohuo tulikuwa getini kwa dada.

Dada alitoka na futi ya ushonaji shingoni. Alikuwa amekonda. Alitutazama, akaitazama mitungi.

"Mnataka nini?"

"Dada, usimuuzie mtu ile mikono. Nimekuja kuikata."

"Mnunuzi anaitaka hiyo hiyo."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Dada aliegemea nguzo ya geti. Nikataka kuondoka, lakini njia ilikuwa imezibwa na pikipiki yangu mwenyewe, nikabaki natazama chini.

"Mume wangu alijua hatari yake?" dada akauliza.

"Nilimwambia. Nilimwambia asubiri sanduku la nyuma."

"Akasemaje?"

"Akasema sanduku litamfuata."

Midomo ya dada ilitikisika, nikadhani anacheka. "Ndivyo alivyokuwa akisema kwa kila kitu. Hata mimi siku ya harusi aliniambia nyumba itatufuata." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Na wewe je?"

"Mimi nilikuwa nimeshika pini. Bila pini asingefunga mikono, asingekwenda popote. Ningeweza kuzificha. Ningeweza kuzitupa chooni. Nikampa."

"Kwa nini ulimpa?"

"Aliniwekea mkono begani. Sikuwahi kumkatalia kitu, dada. Sikujua kukataa kunaanzia wapi."

Dada akasema taratibu, "Miaka miwili nimesubiri uje uniambie hukujua, ili nikufukuze." Akasogea kando ya geti. "Ingia. Ikate."

Alikata mpaka saa kumi na moja jioni. Hakuishia kwenye vibati alivyobandika. Aliikata mikono yenyewe vipandevipande, isije ikaunganishwa na mtu mwingine. Dada alisimama pale muda wote. Mara moja Cheche alizima moto akamwambia, "Dada, usitazame mwanga, utaumwa macho," naye akageuza mgongo, lakini hakuingia ndani. Mfanyabiashara wa magogo alipokuja siku ya pili alikasirika, akapiga kelele, akaondoka. Trekta lilikuja kununuliwa na mkulima, likaenda kulima.

Siwezi kusema walirudi kuwa kama zamani. Cheche sasa huenda kwa dada yake kila Jumapili, akakaa barazani kwenye kigoda. Siku nyingine dada hutoka na ushonaji wake wakazungumza habari za majirani na bei ya vitambaa hadi jua linapopungua. Siku nyingine humwona tu getini, akaingia ndani, na mlango ukafungwa. Basi Cheche hukaa hivyohivyo kwa muda, akafagia uwanja kidogo kama kuna majani, kisha hufunga geti bila kulipiga na kurudi kwake kwa miguu.