Ramani ya Mnara Niliyoikuta Mchangani

Nichekeni tu, jamani. Baada ya mafuriko ya Elnino, baraza la mji wa Garissa lilinituma mimi, mpima ardhi niliyehamia juzijuzi kutoka Murang'a, nikawaulize wazee wanataka mnara gani wa kuwakumbuka waliochukuliwa na mto Tana.

Nikawakuta Mzee Abdi na Mzee Warsame wamechora mchangani miraba ndani ya miraba, wanapanga kokoto huku wakibishana, na watu wamewazunguka wakishangilia. Nikajisemea, kumbe wameshaanza kazi! Nikainakili ile ramani, sikuuliza neno.

Siku ya kuidhinisha, nikaweka mezani mfano wa mbao, kila kokoto mahali pake. Nikaeleza kwa madaha: hizi njia za waombolezaji, haya mawe ya marehemu. Madiwani wakakohoakohoa. Wazee wakatazamana. Mbona hakuna anayepiga makofi?

Mzee Abdi akainuka, akauinamia mfano wangu. Nikadhani ni dua, nami nikainamisha kichwa. Akasogeza kokoto moja, akaokota nyingine, akaitia mfukoni.

"Warsame, hii yako nimekula," akasema. "Haya, cheza."