Daftari Mbili za Dada

Muuguzi alinipigia saa nne asubuhi. "Pole sana. Dada yako ametutoka." Nilikaa kwenye ngazi za ofisi, nikamshukuru Mungu kwamba maumivu yake yamekwisha, kisha nikawaandikia ndugu kwa simu. Kabla ya adhuhuri simu ileile ilikuwa inanionyesha matangazo ya majeneza. Nani aliyeiambia?

Dada angecheka. Alikuwa fundi cherehani, na wateja walimwita Bi Siri. Vipimo vyao aliviandika kwenye daftari moja kwa namba tu, ikakaa dukani. Majina yenye namba hizo yalikuwa kwenye daftari nyingine, nyumbani, chini ya godoro. Alianza hivyo baada ya shangazi wa mteja mmoja kuchungulia daftari, akaona kiuno cha binti huyo kimeongezeka inchi tatu kwa miezi miwili. Jioni hiyohiyo binti alifukuzwa kwao.

"Namba peke yake haisemi kitu," aliniambia. "Jina peke yake halisemi kitu. Ziweke pamoja uone umbea wake."

Alipougua figo alitaka jambo moja tu: mama asijue, maana moyo wake ni mbovu. Mimi peke yangu niliambiwa. Lakini dawa alizitafuta kwa simu, kliniki alikwenda na simu mkobani, na nyumbani yeye na mama walitumia intaneti moja. Siku moja mama akaja jikoni, ameishika simu yake mbali na uso kana kwamba inanuka.

"Wanangu, mbona hii inaniuzia dawa za figo kutwa nzima? Figo zangu zina nini?"

"Matangazo tu hayo, mama," nikasema. "Anapelekewa kila mtu."

"Kila mtu? Mbona jirani anauziwa viatu!"

Akamtazama dada, ambaye alikuwa ameacha chumvi tangu mwezi uliopita. Hakuuliza tena. Dada akaninong'oneza, "Kuna mtu kazilaza daftari zangu zote mbili meza moja."

Tangu siku hiyo mama hakupata usingizi wa maana. Mpaka leo sijui kama aliyeitoa siri ni duka la dawa, ni programu ya kuhesabu hatua iliyokuwa kwenye simu ya dada, au ni nani. Nimewauliza. Kila mmoja anasema yeye ana kipande kidogo tu.

Juzi, nikitafuta kipimo cha gauni la kumzikia, nilizikutanisha daftari zile kwa mara ya kwanza. Namba moja alikuwa yeye mwenyewe. Kiuno inchi thelathini na nne, thelathini na moja, ishirini na saba. Kwa tarehe alizoandika pembeni, kilianza kupungua miaka miwili kabla hajaniambia. Nikazifunga haraka, nikijiona sina tofauti na yule shangazi.

Tulimzika jana saa tisa. Mama alimfunga vifungo vya gauni kwa mikono yake, tukasali. Daftari ya vipimo nimeiacha dukani. Ile ya majina niliiweka chini ya kiganja chake. Jeneza likafungwa, likateremshwa, tukafukia.