Malkia Mwenye Sauti ya Mwenzake

"Hivi shoga, yule malkia wako wa urembo, hata nyumbani ana sauti ile ile ya kwenye filamu?" jirani alimuuliza Shevantabai siku moja wakiwa foleni ya maji. Shevantabai, aliyemsuka nywele yule mwigizaji kwa miaka kumi na minne, alicheka tu akajitwika ndoo. Malkia huyo kaigiza filamu ishirini, na Bombay nzima haijapata kuisikia sauti yake. Kihindi chake kina lafudhi ya kwao Mangalore, kwa hiyo akishaigiza, mwanamke mwingine huingia studio akamsemea. Wala malkia hanuni. Huketi mgongo wima, kana kwamba taji la urembo alilovikwa usichanani bado li kichwani, hunywa chai kwa kisahani, na akichanwa hukariri maneno yake huku kidole kikigonga goti. Akikosea humtazama Shevantabai kwenye kioo. "Tena, binti yangu," huambiwa, naye hurudia kwa adabu.

Mwaka huu alipewa kuigiza mama anayemwombea mwanawe mgonjwa. Sala ile aliikariri mwezi mzima, hata Shevantabai akajikuta anaitikia, chanuo mkononi, machozi yakimtoka. Siku ya kurekodi sauti, mwongozaji, kijana wa juzi tu, aliwazuia mlangoni mwa studio. "Madam, wewe kapumzike. Mwenye sauti keshafika."

Shevantabai aliinamisha uso. Malkia akaunganisha viganja vyake kifuani. "Mwanangu," alisema, "sala hii niachie niiseme mwenyewe."