Nyar Nyakach Wawili

Harufu ya raba iliyounguzwa hunirudisha Nyakach hata nikiwa nimefunga madirisha. Masika yale, mvua iliifunika barabara ya Kisumu hadi usijue lami inaishia wapi na ziwa linaanzia wapi. Kila asubuhi Baba alikata tyubu kuukuu za magurudumu kwa kisu cha moto, kisha akaivalisha injini ya Landrova yake vipande hivyo. Plagi alizifunika kwa raba na kuzipaka grisi. Ndani ya madigadi alining'iniza vipande vipana vya kuzuia tope. Mbele alifunga gunia ili maji yasiingie kwa kishindo, halafu akalegeza mkanda wa feni, maana feni ikizunguka majini huyarusha kila mahali na gari huzimika papo hapo. "Kinga ni bora kuliko tiba," alisema, huku mimi nimenuna. Jamani, nililionea wivu lile gari! Nywele zangu zilikuwa hazijasukwa tangu Mama aondoke.

Mama alikuwa amelazwa hospitalini Kisumu, nami nilikuwa mtoto wa pekee. Baba alivusha watu wa soko, akapita kumwona, akarudi jioni. Mimi nilibaki na vyura na kelele za mvua kwenye mabati, jirani akiniletea ugali wa mchana. Upweke ule simtakii hata adui. Nilipolia nichukuliwe, Baba aliniuliza, "Gari likizimika katikati ya maji, nikubebe wewe au nisukume?" Kisha akanituliza: "Kawia ufike, binti yangu."

Kwetu msichana huitwa kwa kwao: nyar Nyakach, binti wa Nyakach. Baba aliniita hivyo akifurahi. Lakini gari nalo, kwa kuwa alilinunua Pap Onditi, hukohuko Nyakach, alilipa jina hilohilo. Asubuhi moja nilimsikia akiongea, kichwa kikiwa ndani ya boneti: "Nyar Nyakach, leo hakuna abiria. Ni mimi na wewe tu mpaka Kisumu." Mungu wangu! Nilikimbia ndani, nikaosha miguu, nikavaa gauni la kanisani. Nilipotoka, uani palikuwa na alama za magurudumu tu, zikijaa maji. Nikajiambia amekwenda kugeuza gari. Nikaketi mlangoni kumngoja.

Alirudi jioni, matope hadi kifuani, anacheka. "Hata tone halikuingia kwa injini!" Kisha akaliona gauni. "Unaenda wapi?"

"Si ulisema ni mimi na wewe tu?"

Alilitazama gari, akanitazama mimi. Kicheko kikamwisha. "Woi, nyathina, mwanangu. Nilikuwa naongea na gari." Akachuchumaa mbele yangu. "Mama amekuulizia leo. Kesho tunaenda, lazima."

Kabla hakujapambazuka, simu ya jirani ililia. Mama alikuwa ametutoka. Tulivuka maji yale nikiwa nimeketi kiti cha mbele, pale pale nilipopatamani msimu mzima. Injini haikukohoa hata mara moja. Tangu siku hiyo sikumsikia tena Baba akiliita gari kwa jina.

Siku hizi barabara imeinuliwa, na gari langu halijawahi kuonja maji ya mafuriko. Baba naye ameshazeeka, hata usukani haugusi. Naweza kwenda Kisumu na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nikifika, sina wa kumwona.