Chuma chetu cha Jang'ombe

Juzi dukani nilimwona kijana akichagua vyuma vya mazoezi, vyeusi, vinang'aa. Nikakumbuka chetu cha Jang'ombe, miaka ile baada tu ya Mapinduzi: bomba lenye kopo la saruji kila upande. Tulilala chali, tukakikumbatia kifuani, tukajiinua mpaka tumbo likakaza.

Siku moja jirani yetu, mpishi wa harusi, akakichukua akandamizie mfuniko wa sufuria ya biriani.

"Bibi, hicho cha kukazia tumbo!" tukalalamika.

"Tumbo la kukaza mtalipata wapi, na hamjala?"

Kilirudi saruji imekunywa samli na zafarani. Wiki nzima, kila tukijiinua, harufu ilitupiga puani, njaa ikaturudisha chini.

Pale dukani nikainama, nikakinusa chuma kipya.

"Shikamoo, babu," akasema muuzaji. "Unanusa nini?"

"Marahaba. Biriani."