Tumbo la Kifaru cha Udongo

Rangi ya kupaka mitumbwi ina harufu inayokaba koo, na kule Katonga, ufukweni kwa wavuvi, ilichanganyika na harufu ya dagaa walioanikwa juani. Hata leo mtu akifungua kopo la rangi karibu yangu, moyo unanienda mbio kabla sijajua kwa nini. Tulikuwa tukikomba mabaki ya kijani kwenye makopo yaliyotupwa na mafundi wa mitumbwi, tunakimbia nayo hadi kwetu Bangwe kupaka vifaru. Si wanyama, jamani, vifaru vya jeshi. Tulivifinyanga kwa udongo wa ziwani, mtutu wa mzinga tukachomeka kijiti, tukavianika juu ya banda la kuku. Miaka ile ya wakimbizi watoto wote tulicheza vita, maana watu wazima hawakuzungumza kingine. Msinione hivi, mimi ndiye niliyekuwa fundi mkuu, na mdomo nilikuwa nao wa kutosha mtaa mzima. Kijani mwili wote, basi, kimekwisha. Chini hatukupaka. Nani aangalie chini?

Kisha akaja Zawadi. Mama alimkuta Katonga amejikunyata kando ya meza za samaki, ametokea ng'ambo, Burundi, hana baba wala mama. Jina lake la kwao lilikuwa Domitila. Mama akampa hilo la Zawadi, akautangazia mtaa kwamba ni mtoto wa kaka yake wa kijiji cha Kidahwe. Wakati huo gari la matangazo lilikuwa likipita kila mara: mkimbizi akikutwa nje ya kambi atakamatwa, na aliyemficha atajibu. Watu walinong'ona kwamba wengine hawafikishwi hata kambini, wanarudishwa moja kwa moja kule walikokimbia. Kirundi chake na Kiha chetu vinasikilizana, kwa hiyo angeweza kupita. Tatizo lilikuwa woga wake. Mlango ukibamizwa tu, anapiga ukelele wa kwao, "Yebabawe!" hadi kuku wanatawanyika.

"Mwanangu, ukishtuka, shtuka kimyakimya," mama alimwambia.

Mimi nami niliogopa, tena sana. Nilikuwa nalala nimeshika kanga ya mama, nikiwaza kwamba wakimchukua Zawadi watamchukua na mama.

Siku moja Zawadi alivitazama vifaru vyangu, akatikisa kichwa. Akaponda masizi ya sufuria, akayakoroga na uji wa muhogo, akapata nyeusi. Udongo mwekundu akaufanya vilevile, akapata kahawia. Akachukua kifaru kimoja cha kijani, akakitia mabaka. Hakuyachora mviringo kama madoa ya chui, la hasha. Yalikuwa marefu, yanajipinda, yanaanzia ubavuni yanapanda hadi kwenye mzinga bila kukatika, na kingo zake alizisugua kwa kidole gumba hadi rangi zikaingiliana. Kisha akakilaza chali, akalipaka tumbo lake weusi, akachovya kijiti kwenye kahawia akaweka matone ya tope, na kandokando ya minyororo akachora majani yaliyonasa. Nikamcheka. "We Zawadi, unampamba nani huko chini?" Akaongeza tone jingine. Tukakirudisha juu ya banda kikauke.

Mgambo walikuja asubuhi, nyumba kwa nyumba. Aliyeingia kwetu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na mtaani ilijulikana kwamba zamani alikuwa jeshini. Mama alimsalimia, akatutambulisha, "Huyu wangu, na huyu wa kaka yangu, wa Kidahwe." Mgambo akaitikia, akageuka kuondoka. Akaviona vifaru.

Alikichukua kile cha mabaka. Akapitisha kidole kwenye zile kingo.

"Nani kapaka?"

"Mimi, babu," nikasema haraka.

Akakigeuza. Akalitazama lile tumbo kwa muda mrefu. "Na huku chini, wewe mjukuu wangu, ulikuona wapi?"

Mimi mwenye mdomo wote ule, macho yakanikimbilia kwa Zawadi. Mgambo akamgeukia Zawadi, akachuchumaa mbele yake. "Ulikuwa umelala mtaroni, binti? Kifaru kikapita juu yako?"

Zawadi hakupiga ukelele. Alishtuka kimyakimya, kama alivyofundishwa, na mkojo ukamtiririka miguuni. Mama akafumba macho. Mimi nikajua yamekwisha.

Mgambo alisimama, akakirudisha kifaru pale pale, tumbo chini.

"Mama," akasema, "huyu wa Kidahwe mfundisheni kupaka vifaru vya Kidahwe." Akatoka, tukamsikia akipiga hodi kwa jirani.

Mama alikiponda kifaru kile kwa mchi, udongo akaumwaga ziwani. Lakini hofu haikumwagika nao. Kwa miezi mingi gari likisimama nje, sote watatu tuliacha kutafuna. Zawadi alikaa nasi hadi kwao kulipotulia, akarudi, akalichukua tena jina lake. Hunipigia simu, tunacheka mambo mengi ya Bangwe, ila vifaru hatuvitaji.

Mwezi uliopita mwanangu aliletewa na mjomba wake kifaru cha plastiki kutoka Dar es Salaam, na brashi nyembamba na vichupa vya rangi tatu: kijani, nyeusi, kahawia. Amekipaka vizuri, mabaka yamejipinda hasa. Harufu ilipojaa sebuleni nilishindwa kuvumilia, nikakinyakua nikakigeuza. Chini hakukuwa na rangi hata tone.

"Mama, huko hakuonekani," akaniambia. "Nani aangalie chini?"

Nilimkumbatia hadi akalalamika.