Kamba Iliyolegea Kwenye Kona

Pale chuo cha kupiga mbizi walimwita Taratibu, na jina alijitafutia mwenyewe. Mwanafunzi akikimbilia maji, "Taratibu!" Akifunga mkanda ovyo, "Taratibu, unawahi wapi?" Mama mtu mzima, mwembamba, sauti ya kuamsha mtaa mzima. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha skuta za chini ya maji, zile mashine unazoshika kwa mikono miwili, propela ikakuvuta kama mbwa aliyeona paka.

Unaanza ziwani, kwenye maji ya wazi: kwenda moja kwa moja, kukata kona, kuachia kitufe ukasimama. Ukishaiva ndipo unaingizwa pangoni. Huko mwalimu anatangulia kutandaza kamba nyembamba toka mlangoni hadi ndani, akiifunga kwenye mawe, ili tope likitibuka na macho yasione kitu, mtu aishike imrudishe nje. Na kamba hutandazwa kwa kuogelea. Juu ya skuta, marufuku. Taratibu alilisema hilo mpaka wanafunzi wakawa wanamwigiza akigeuza mgongo.

Sasa jana yeye mwenyewe alifanya nini? Alitandaza kamba akiwa juu ya skuta. Alikuwa amechelewa, wanafunzi wameshavaa wanamngoja, akajiambia mara moja tu haina neno. Pale kwenye kona akaliruka jiwe alilopaswa kufungia kamba. Jamani! Mtu na akili zake!

Wa kwanza kupita hapo alikuwa binti wa kaka yake. Binti huyu aliacha kazi ya kushona nguo ili ajiunge na kikosi cha kupima mapango, na bila cheti cha chuo kile hawampokei. Propela yake ikainyonya kamba iliyolegea, ikaizungusha, ikaikata. Tope likatibuka, giza tupu. Taratibu alipapasa mpaka akaupata mguu wake, akamtoa nje mzima.

Mkuu wa chuo alimfokea binti palepale ufukweni. "Umepitisha skuta juu ya kamba! Hukufundishwa?"

"Samahani, mkuu," binti akasema.

"Kesho urudishe vifaa. Hapa huna nafasi tena."

Na Taratibu, mwenye mdomo wote ule, akainamisha kichwa akawa anaangalia viatu vyake. Alimwacha mtoto wa kaka yake abebe lawama isiyo yake. Alijichukia, na alistahili.

Asubuhi alikuwa karakana, koleo mkononi, akichomoa kamba kwenye ile propela. Kila kipande kilichotoka kilimchoma moyo. Binti akaingia na vifaa vyake, vimeoshwa na kukunjwa vizuri.

"Niviweke wapi, mwalimu?"

"Kaa kwanza." Koleo likamponyoka. "Kosa ni langu. Nilitandaza kamba nikiwa kwenye skuta. Pale kwenye kona sikufunga."

"Najua. Niliigusa kwa kidole ikanifuata, imelegea."

"Ulijua? Mbona hukumwambia mkuu?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Masikio ya Taratibu yaliwaka moto. Aliibeba propela hivyo hivyo, kamba zinaning'inia, mikono imejaa grisi, akaingia ofisini kwa mkuu na kuyasema yote. Mlango ulikuwa wazi na wanafunzi walisikia, na hakuufunga. Mkuu akamsimamisha kufundisha pangoni. Binti akarudishiwa nafasi yake.

Alipotoka alimkuta binti bado yuko karakana, amekalia ndoo, vifaa mapajani.

"Nafasi yako ipo," Taratibu akamwambia. "Na mimi wakinirudisha pangoni, tutaanza upya, mimi na wewe. Taratibu." Akajaribu kucheka.

Binti hakucheka. Alisimama, akamfuta grisi shavuni kwa kiganja kama alivyozoea kumfuta unga jikoni.

"Jumapili nitakuja kwako kula kama kawaida, shangazi. Wewe ni shangazi yangu, hilo halibadiliki," akasema. "Lakini kamba anitandazie mwalimu mwingine."